Wakili Asiye na Mahakama: Ufuasi wa Chama na Wajibu wa Ukweli katika Maisha ya William Cullen Bryant

Utangulizi

Wahakiki wengi wamezoea kuuliza swali la uhusiano wa mwandishi na siasa kwa namna moja tu: je, mwandishi anapaswa kuegemea upande? Swali hili si geni kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Muyaka bin Haji, aliyetunga Mombasa hadi mnamo 1840, alikuwa mshairi wa upande mmoja, upande wa Mazrui dhidi ya Seyyid Said, na hakuna mhakiki wa maana anayemwondoa katika safu ya washairi wakuu kwa sababu hiyo. Tunaweza basi kuchukulia kwamba swali hilo limekwisha kujibiwa. Kuegemea upande si kosa, kwa sababu hakuna aandikaye akiwa amesimama pasipo mahali. Swali lililo gumu zaidi ni hili: mwandishi akishaegemea upande, anawiwa nini na wale walioachwa nje ya upande wake?

Makala haya yanadhamiria kulichunguza swali hilo kwa kuyatazama maisha ya William Cullen Bryant (1794–1878) wa Marekani, mtu aliyekuwa wakili kwa takriban miaka 10, kisha akawa mhariri wa gazeti la chama kwa takriban nusu karne, na wakati wote huo akawa mshairi. Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza humjua kwa shairi moja la kifo, "Thanatopsis", lililochapishwa mwaka 1817. Sehemu kubwa ya uzima wake, hata hivyo, aliitumia akiandika tahariri. Tunadai kwamba maisha hayo yanatupa kipimo cha maadili ya uandishi wenye upande, na kwamba kipimo hicho kinapotumiwa kwa haki kinamtetea Bryant katika baadhi ya mambo na kumshtaki katika jambo moja kubwa. Aidha, tutajaribu kuonyesha kwamba shtaka hilo haliihusu tahariri peke yake. Linalihusu shairi pia.

Wakili aliyeikimbia sheria

Bryant alizaliwa Cummington, katika milima ya magharibi ya Massachusetts. Babake, Dkt. Peter Bryant, alikuwa tabibu na mfuasi wa chama cha Federalist. Ufuasi wa chama ulikuwa chakula cha nyumbani kabla ya kuwa kazi ya mtoto: mwaka 1808, akiwa na umri wa miaka 13, Bryant alichapisha mjini Boston shairi la kejeli la kumshambulia Rais Thomas Jefferson na marufuku yake ya biashara ya nje. Kitabu chake cha kwanza, kwa hivyo, kilikuwa kijitabu cha chama. Jambo hili lastahili kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba Bryant alikuwa mshairi safi aliyekuja kuchafuliwa na siasa baadaye.

Familia haikuwa na fedha za kumwendeleza chuoni, naye akasomea sheria. Aliidhinishwa kuwa wakili mwaka 1815, na mwaka uliofuata akafungua shughuli zake katika mji mdogo wa Great Barrington. Hakuipenda kazi hiyo, lakini hakuifanya ovyo. Tukio ambalo waandishi wa maisha yake hulitaja kuwa lilimvunja moyo ni kesi ya Bloss dhidi ya Tobey, iliyoamuliwa mwaka 1824. Bryant alimwakilisha Bloss, aliyedai kukashifiwa na Tobey kwa kuambiwa kwamba ameiteketeza mali yake mwenyewe kwa moto. Jopo la raia waamuzi lilimpa Bloss ushindi. Rufaa ilipofika katika mahakama ya juu ya jimbo, ushindi huo ulifutwa. Mahakama haikusema kwamba Tobey alinena kweli. Ilisema tu kwamba kuchoma mali yako mwenyewe si lazima kuwe jinai, na kwa kuwa hati ya madai haikueleza kusudi la uhalifu, maneno yale hayakutosha kuwa kashfa mbele ya sheria.

Mtu aliyesomea sheria anaweza kuitetea hukumu hiyo. Kwa Bryant, hata hivyo, ilikuwa ishara ya taasisi ambayo huweza kuutazama uongo, ikautambua kuwa ni uongo, kisha ikampa mwongo njia ya kutokea kwa sababu ya namna karatasi ilivyoandikwa. Mwaka 1825 alihamia New York kuhariri jarida la fasihi. Jarida halikudumu, na mwaka 1826 akaajiriwa katika gazeti la Evening Post, lililoanzishwa na Alexander Hamilton mwaka 1801 likiwa chombo cha Federalist. Mhariri wake wa kwanza, William Coleman, naye alikuwa wakili. Coleman alipofariki mwaka 1829, Bryant akawa mhariri mkuu. Kufikia hapo gazeti lilikuwa limekwisha kuhamia upande wa Andrew Jackson, na mtoto aliyemkejeli Jefferson akawa msemaji wa chama kilichojinasibisha na Jefferson.

Mahakama na ukurasa wa gazeti

Kabla ya kuendelea hatuna budi kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: uwakili wa mahakamani na uwakili wa gazetini. Wakili husema upande mmoja tu. Hamsaidii mpinzani wake, hatafuti ushahidi wa kumwangusha mteja wake, na hatumwiti mwongo kwa hilo. Kwa nini? Kwa sababu hasemi peke yake. Mbele yake kuna wakili wa upande wa pili aliye na haki ya kumhoji shahidi yule yule. Juu yao yuko hakimu asiyelipwa na yeyote kati yao, na kuna kanuni za ushahidi zinazowabana wote wawili. Uadilifu wa wakili haumo ndani yake mwenyewe. Umo katika jengo zima la mahakama. Wakili ni nusu ya mazungumzo ambayo nusu yake ya pili imehakikishwa na wengine.

Mhariri wa gazeti la chama katika Marekani ya Jackson alirithi sauti ya wakili bila kulirithi jengo hilo. Ni kweli kwamba magazeti yalikuwa mengi na kila chama kilikuwa na lake. Lakini msomaji wa Evening Post hakuwa na wajibu wa kununua gazeti la wapinzani. Hakuna aliyemzuia mhariri kumnyamazisha shahidi, na hakuna aliyemlazimisha kumsikiliza. Zaidi ya hayo, chama kilichotawala kilikuwa na matangazo na kandarasi za uchapishaji za kuwapa wahariri watiifu. Hakimu alikuwa analipwa na upande mmoja.

Tukio moja la mwaka 1831 linaonyesha jinsi Bryant mwenyewe alivyoupata upungufu huo. Baada ya majibizano makali na William L. Stone, mhariri wa Commercial Advertiser, Bryant alimvizia katika barabara ya Broadway na kumchapa kwa mjeledi wa ngozi. Mtunzi wa mashairi ya misitu na vijito alikuwa anapigana barabarani mchana kweupe. Siku iliyofuata alichapisha maelezo katika gazeti lake, akakiri kwamba amechukua sheria mkononi na kwamba aliwiwa msamaha na jamii. Tunaona katika kisa hicho kitu kilicho zaidi ya kituko. Mtu aliyeiacha mahakama kwa sababu haikumpa mkashifiwa haki yake aligundua kwamba nje ya mahakama mkashifiwa hana chochote ila mjeledi. Ungamo la siku ya pili ndilo lenye maana. Ni dalili ya kwanza kwamba mhariri huyo alitambua kuwa, pasipo hakimu wa nje, sharti awe na hakimu wa ndani.

Hapo ndipo tunapokipata kipimo tulichokitaja. Mhariri mwenye upande ni mwadilifu kwa kiasi anachoibeba mahakama ndani yake, yaani kwa kiasi anachokubali kumsikiliza shahidi anayekidhuru chama chake, na kuwa tayari kupoteza kitu kwa sababu ya ushahidi huo.

Mifuko ya barua ya mwaka 1835

Kipimo hiki kilijaribiwa vikali katika suala la utumwa. Mwaka 1835 chama cha kupinga utumwa cha Marekani kilituma maelfu ya majarida Kusini kwa njia ya posta. Usiku wa tarehe 29 Julai umati ulivunja ofisi ya posta mjini Charleston, ukayachukua majarida hayo, na usiku uliofuata ukayachoma hadharani. Mkuu wa posta wa mji huo aliandika Washington kuomba maagizo. Aliyepaswa kumjibu alikuwa Amos Kendall, mkuu wa posta wa taifa zima.

Kendall ni mfano wa kulinganisha unaofaa mno, kwa kuwa alikuwa ametoka njia ile ile aliyotoka Bryant. Alizaliwa Massachusetts pia, mwaka 1789. Alisomea sheria, akahamia Kentucky, akafundisha watoto nyumbani kwa Henry Clay, kisha akauacha uwakili na kuhariri gazeti la Argus of Western America mjini Frankfort. Kwanza alikuwa upande wa Clay, halafu akamhama na kumpigia debe Jackson. Ushindi wa Jackson katika uchaguzi wa 1828 ulimletea cheo serikalini, na mwaka 1832 alichangia sana kuiandika hati mashuhuri ya Jackson ya kuikataa Benki ya Marekani. Alikuwa mwandishi hodari na hakuwa mjinga wa sheria.

Jibu lake kwa Charleston ni kielelezo cha akili ya wakili iliyokosa mahakama. Alikiri kwamba hakuwa na mamlaka kisheria ya kuyazuia majarida hayo. Hata hivyo, alisema, hatatoa amri kwamba yasafirishwe. Alimkumbusha mkuu wa posta kwamba mtu anawiwa na sheria, lakini anawiwa zaidi na jamii anamoishi. Kwa sentensi chache sheria iliheshimiwa kwa ulimi na kuachwa kwa vitendo. Wale walioachwa nje walikuwa wawili: waandishi ambao maandishi yao yalichomwa, na watumwa ambao habari zao ndizo zilizokuwamo ndani ya maandishi hayo. Jamii aliyoitaja Kendall haikuwahesabu.

Wakati huo Bryant alikuwa Ulaya, na Evening Post ilikuwa mikononi mwa mshirika wake, William Leggett. Gazeti lilikuwa la chama kile kile cha Kendall. Leggett alimshambulia Kendall bila kuuma maneno: afisa wa posta akipewa ruhusa ya kuchagua ni maoni gani yapite, uhuru wa kuchapisha umekwisha. Adhabu haikukawia. Gazeti lilinyimwa matangazo ya serikali, na chombo kikuu cha chama huko Washington kikatangaza kwamba Evening Post haihesabiki tena miongoni mwa wafuasi wa kweli. Bryant aliporejea mwaka 1836 alimkuta Leggett akiwa mgonjwa na gazeti likiwa limedhoofika kifedha.

Ni rahisi kusema kwamba sifa za 1835 ni za Leggett peke yake. Tunakubali kwamba ujasiri wa kwanza ulikuwa wake. Hata hivyo, mmiliki aliyerudi nyumbani na kukuta hasara alikuwa na nafasi nzuri ya kuomba radhi na kurejeshewa matangazo. Bryant hakufanya hivyo. Juni 1836 Jaji Ogden Edwards wa New York alipowatoza faini mafundi washonaji waliogoma, akiuita muungano wao njama ya jinai, Bryant aliitumia elimu yake ya sheria kuipinga hukumu. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu asiyeruhusiwa kukataa kuuza kazi yake kwa bei asiyoitaka amekwisha kuwa mtumwa, na kwamba lisilo kosa kwa mmoja haliwi kosa kwa kuwa wamepatana wengi. Novemba 1837 mhariri Elijah Lovejoy alipouawa na umati huko Alton, Illinois, akiilinda mashine yake ya uchapishaji, Bryant alitetea haki ya marehemu ya kuchapisha ingawa yeye mwenyewe hakuwa mwanaharakati wa kukomesha utumwa mara moja. Huku ndiko kuibeba mahakama ndani ya nafsi, yaani kumtetea shahidi ambaye hukubaliani naye na ambaye chama chako kingependa anyamaze.

Kuna wahakiki watakaosema kwamba tofauti ya Kendall na Bryant ni tofauti ya kiuchumi: mmoja aliishi kwa mshahara wa serikali, mwingine kwa wasomaji wa mji wa biashara. Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki kuipuuza. Lakini mwaka 1835 maslahi ya wafanyabiashara wa New York yaliungana na pamba ya Kusini. Hasira yao dhidi ya wapinga utumwa ilikuwa kubwa, na mwaka uliotangulia mji wao wenyewe ulikuwa umeshuhudia ghasia dhidi ya watu hao. Evening Post iliwaudhi serikali na wanunuzi kwa pamoja. Maslahi yanaweza kutueleza kwa nini Kendall alinyamaza. Hayawezi kutueleza kwa nini gazeti lile lilisema.

Mbolezi na tahariri

Kama makala haya yangeishia hapo, yangekuwa sifa tupu. Ipo kesi nyingine, na katika kesi hiyo Bryant alikuwa na kila sababu ya kusikia lakini hakusikia.

Mwezi Mei 1830 Jackson alitia sahihi sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia wa kusini mashariki kwenda ng'ambo ya mto Mississippi. Katika baraza la wawakilishi sheria hiyo ilipita kwa kura 102 dhidi ya 97, jambo linaloonyesha kwamba upinzani ulikuwa mkubwa na hoja zake zilisikika wazi. Evening Post, chini ya Bryant, iliiunga mkono sera ya Jackson. Mwisho wake unajulikana. Katika 1838 na 1839 watu wa Cherokee wapatao 16,000 waliondoshwa kwa nguvu, na kwa makadirio ya kawaida takriban 4,000 walikufa.

Bryant huyo huyo alikuwa ameandika juu ya wenyeji hao kwa huzuni. Mwaka 1824 alichapisha shairi ambalo msemaji wake ni mwenyeji aliyerudi kuyatazama makaburi ya baba zake katika nchi iliyogeuzwa mashamba ya wageni, na katika shairi hilo msemaji anatabiri kwamba wageni nao watatoweka. Baada ya safari yake ya Illinois ya mwaka 1832 aliandika "The Prairies", ambamo anawaza kwamba vilima vya kale vya mbuga hizo vilijengwa na taifa lililostaarabika ambalo baadaye liliangamizwa na wenyeji wekundu, nao wenyeji hao sasa wamekwisha kuondoka. Hiyo ilikuwa imani ya wengi zama zake. Utafiti wa Cyrus Thomas, uliochapishwa mwaka 1894, ulithibitisha kwamba vilima vile vilijengwa na mababu wa wenyeji hao hao. Lakini hata kabla ya kuthibitishwa kuwa si kweli, imani hiyo ilikuwa na kazi ya kufanya: aliyemfukuza mwenzake hapo kale hana haki ya kulia akifukuzwa leo.

Msomaji aliyelelewa katika uhakiki unaolitazama shairi peke yake, likiwa limetengwa na maisha ya mtunzi, atasema kwamba tahariri na mbolezi ni tanzu mbili na hazipaswi kupimwa kwa mizani moja. Wengine watasema kwamba huruma ya shairi ndiyo nafsi ya kweli ya Bryant, na tahariri ni kodi tu aliyokilipa chama. Maoni yetu ni kwamba misimamo yote miwili inamwachia mshairi njia rahisi. Mbolezi na tahariri havikupingana. Vilishirikiana. Mbolezi ni utungo wa kumlilia aliyekufa. Kumtungia mtu mbolezi akiwa hai ni kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa, kwa sababu aliyekwisha kuzikwa haitwi kutoa ushahidi. Shairi lilimfanya mwenyeji awe wa zamani, kisha tahariri ikapitisha kwamba wa zamani ampishe wa sasa. Machozi ya shairi yaliiwezesha tahariri kulala usingizi.

Nao hawakuwa wamekufa. Tangu mwaka 1828 taifa la Cherokee lilikuwa na gazeti lake, Cherokee Phoenix, lililochapishwa New Echota kwa Kiingereza na kwa lugha ya Cherokee, kwa kutumia mfumo wa maandishi ya silabi uliobuniwa na Sequoyah. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Elias Boudinot. Watu ambao "The Prairies" inawachukulia kuwa wanaondoka kimya walikuwa wanaandika tahariri, wakijibu hoja moja moja, katika lugha ambayo Bryant aliisoma kila siku. Huyo hakuwa shahidi wa kutafutwa porini. Alikuwa mhariri mwenzake. Tena, mhariri huyo alipambana na swali lile lile tunalolichunguza: mwaka 1832 Boudinot alijiuzulu kwa kuwa viongozi wa taifa lake hawakutaka gazeti lichapishe maoni ya waliofikiri kwamba heri kukubali kuhama. Upande wake nao ulikuwa na wale ulioogopa kuwasikiliza.

Zaidi ya gazeti, palikuwa na mahakama. Mwezi Machi 1832 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Worcester dhidi ya Georgia, iliamua kwamba sheria za Georgia hazikuwa na nguvu katika ardhi ya Cherokee. Georgia haikuitii hukumu hiyo, Jackson hakuilazimisha kutii, na mwaka huo huo Evening Post ilimuunga mkono Jackson katika uchaguzi. Hapa pana kinaya kichungu. Wakili aliyeiacha kazi yake kwa sababu mahakama ilimnyima mteja wake haki kwa kisingizio cha maandishi aliendelea kukitetea chama kilichoipuuza mahakama ilipotoa haki. Jeraha la Bloss lilikuwa la mteja wake, na aliliona. Jeraha la Cherokee halikuwa la mtu yeyote aliyemhesabu kuwa msomaji wake.

Gharama ya kukihama chama

Tunapaswa kuyatazama pia miaka ya baadaye, ingawa kwa ufupi, kwa sababu yanathibitisha kwamba mahakama ya ndani haikufungwa kabisa. Mwaka 1844 Bryant alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi waraka wa siri uliowahimiza wenzao wampigie kura James K. Polk lakini wawakatae wagombea wa bunge waliotaka Texas, nchi ya watumwa, iunganishwe na Marekani. Waraka ulivuja. Polk alishinda, na mwaka 1845 Texas ikaunganishwa. Ni mfano bora wa mfuasi anayetaka kupinga jambo bila kukipinga chama kinacholifanya, na matokeo yake yalikuwa yale ambayo mtu angetarajia.

Mwaka 1848 alimuunga mkono Martin Van Buren chini ya bendera ya Free Soil. Mwaka 1852 alirudi chamani kumpigania Franklin Pierce. Sheria ya Kansas na Nebraska ya mwaka 1854, iliyofungua maeneo mapya kwa utumwa, ndiyo iliyomtoa jumla, na mwaka 1856 gazeti lilikuwa upande wa chama kipya cha Republican. Tarehe 27 Februari 1860 Bryant ndiye aliyemtambulisha Abraham Lincoln kwa hadhira ya Cooper Union mjini New York. Vita vilipoanza, hakumwonea haya rais aliyemsaidia kupanda: alimlaumu mara kwa mara kwa kuchelewa kuwaachilia watumwa. Mtu anaweza kuyaita mabadiliko hayo kigeugeu. Sisi tunayaona kuwa ya aina tofauti na mabadiliko ya Kendall. Kendall alipomhama Clay alikwenda kwa mtu aliyekuwa anapanda, na akapata cheo. Bryant aliiacha chama kilichokuwa madarakani, na hoja iliyomtoa ilikuwa ile ile iliyoliponza gazeti lake mwaka 1835. Ilimchukua miaka 19 kuifuata hadi mwisho wake.

Hitimisho

Tumedai kwamba uwakili unapotoka mahakamani na kuingia gazetini hupoteza vizuizi vinavyoufanya uwe wa haki, na kwamba mwandishi mwenye upande analazimika kujiwekea vizuizi hivyo mwenyewe. Kwa kipimo hicho Bryant si shujaa, wala si mnafiki wa kawaida. Alimsikia shahidi aliyefika kwenye meza yake: fundi mshonaji wa mji wake, mhariri aliyeuawa, msafirishaji wa majarida aliyezuiliwa na posta. Hakumsikia yule ambaye ushairi wake ulikuwa umekwisha kumzika.

Somo hilo linamhusu mhakiki kuliko linavyomhusu mwanahabari. Tumejifunza kuitilia shaka tahariri, kwa kuwa inatangaza upande wake waziwazi. Mara chache tunalitilia shaka shairi la huzuni, kwa sababu huzuni inafanana mno na haki. Hatuna budi kuuliza juu ya kila mbolezi: anayeliliwa humu amekwisha kufa kweli, au analiliwa ili asiitwe? Kama bado yu hai, kama ana gazeti, kama ana kesi mahakamani, basi shairi zuri la kumwombolezea limetoa uamuzi ambao mtunzi wake hakuwa na mamlaka ya kuutoa. Aliyeandika tahariri ya upande mmoja anaweza kujibiwa kesho na tahariri nyingine. Aliyezikwa katika shairi hujibiwa kwa nadra, na kwa kawaida hujibiwa akiwa amechelewa. Jibu la Cyrus Thomas lilikuja miaka 16 baada ya Bryant kufa, na zaidi ya nusu karne baada ya msafara wa Cherokee kuvuka Mississippi.